Kipokezi cha CCR5: Je, Mlango wa VVU Ufungwe Kabisa?

Kila inapotoka taarifa ya mtu mwingine aliyepona VVU baada ya kupandikizwa uboho, maswali yaleyale hurudi. Je, dawa imepatikana? Kama imepatikana, mbona haijafika hospitalini kwetu? Kwa nini jeni inayozuia virusi iwe kwa watu wa Ulaya, isiwe kwetu? Na kama kuna kitu mwilini ambacho virusi hukitumia kuingilia, kwa nini kisiondolewe kwa kila mtoto anayezaliwa?

Swali la mwisho limeshavuka mazungumzo ya kijiweni. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadilisha jeni za viinitete na pacha wawili wa kike wamezaliwa. Desemba 2019 mahakama ya huko ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Jeni aliyoilenga ni ya CCR5, kipokezi kimoja kati ya vipokezi takriban ishirini vinavyopokea protini ziitwazo kemokini. Ili kupima kama wazo lake lina msingi, inafaa kwanza tujue kemokini na vipokezi hivyo vimewekwa mwilini kufanya nini. Huko ndiko mjadala wa hadharani huwa haufiki.

Kazi ya kemokini

Chembe nyeupe za damu hazina macho. Zinasafiri ndani ya mishipa, na mwili ni mkubwa. Mtu akichomwa na mwiba, seli zilizo karibu na jeraha hutoa protini ndogo sana ambazo hunata kwenye kuta za ndani za mishipa ya damu ya eneo hilo. Hizo ndizo kemokini. Chembe nyeupe inayopita ikiwa na kipokezi kinachozitambua, hushtuka, hushika ukuta wa mshipa, hujipenyeza katikati ya seli za ukuta na kuelekea kule kemokini zilikojaa zaidi. Usaha unaoonekana siku ya tatu kwenye kidonda ni matokeo ya safari hiyo. Sehemu kubwa yake ni neutrofili, aina moja ya chembe nyeupe, zilizoitwa na kemokini kama CXCL8, ambayo ilitambuliwa mwaka 1987 na kwa muda mrefu ikajulikana kwa jina la interleukini 8.

Binadamu ana kemokini zinazokaribia hamsini. Herufi za majina yake, kama CC au CXC, hueleza jinsi vipande viwili vya sisteini vilivyopangwa mwanzoni mwa protini. Msomaji hana haja ya kuzikariri. Linalomhusu ni kwamba kemokini hazingoji jeraha. Nyingine zinafanya kazi kila siku, hata kwa mtu mwenye afya kamili. CCL19 na CCL21 huongoza limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, kuingia kwenye tezi za limfu kwa kupitia kipokezi cha CCR7, na huko ndiko seli hizo hukutana na vipande vya vijidudu na kujifunza kuvitambua. CXCL12 huzishika seli mama za damu ndani ya uboho kwa kupitia CXCR4. Panya wa maabara waliotengenezwa bila CXCR4 hufa tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mfumo huu una kazi mbili: kupanga makazi ya kawaida ya seli, na kuita msaada wa dharura. Mabishano yote yanayofuata yanatokana na kuchanganya kazi hizo mbili.

Jinsi VVU vilivyoingizwa katika hadithi hii

Tangu miaka ya 1980 ilijulikana kwamba VVU hushika protini ya CD4 juu ya seli. Lakini CD4 peke yake haikutosha, na kwa miaka kumi hivi hakuna aliyejua kinachokosekana. Mwaka 1995 maabara ya Robert Gallo nchini Marekani ilionyesha kwamba kemokini tatu, zinazoitwa leo CCL3, CCL4 na CCL5, huzuia virusi visiingie kwenye seli. Mwaka uliofuata fumbo likafumbuliwa: virusi vikishashika CD4 hutafuta pia kipokezi cha kemokini, ama CCR5 au CXCR4. Kemokini zile tatu ni wageni halali wa CCR5. Zikikikalia, virusi havipati nafasi.

Mwaka huohuo wa 1996 ikagunduliwa kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Ulaya wamezaliwa na jeni ya CCR5 iliyopungukiwa na herufi 32. Kasoro hiyo inaitwa delta 32. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, hana kabisa CCR5 juu ya seli zake, na ni vigumu sana aambukizwe VVU vya aina ya kawaida. Kaskazini mwa Ulaya watu wa namna hiyo ni kama mmoja kwa kila mia. Afrika kusini mwa Sahara kasoro hii karibu haipo. Hiyo ni bahati ya historia ya uzazi wa watu wa eneo moja. Kasoro hiyo ni ya zamani mno kuliko VVU, kwa hiyo VVU havikuwa sababu ya kuenea kwake, na hakuna mtu aliyeinyima Afrika.

Hoja ya wanaotaka mlango ufungwe

Wanaounga mkono kuondolewa kwa CCR5 wana ushahidi wa kweli mkononi, na usidharauliwe. Kwanza, watu wenye nakala mbili za delta 32 wanaishi, wanazaa, wanazeeka. Wengi hugundua hali yao kwa ajali ya utafiti. Pili, kuna Timothy Ray Brown, aliyejulikana kama mgonjwa wa Berlin. Alikuwa na VVU, kisha akapata saratani ya damu. Daktari wake, Gero Hütter, alimtafutia mtoaji wa uboho mwenye nakala mbili za delta 32, akampandikiza mwaka 2007 na tena 2008. VVU havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani ileile. Baadaye wakafuata Adam Castillejo wa London, mgonjwa wa Düsseldorf na wengine wachache. Tatu, kuna dawa ya kumeza, maravirok, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007. Inaziba CCR5 tu, na inafanya kazi.

Kwa mpangilio huo hoja inaonekana imekamilika: kipokezi hakihitajiki, virusi vinakihitaji, basi kiondolewe.

Ila udhaifu wake ni mwingi. Ulio mkubwa ni CXCR4. VVU vinaweza kubadilika na kutumia mlango huo wa pili, na mgonjwa mmoja wa mji wa Essen, Ujerumani, alilithibitisha hilo. Alipandikizwa uboho usio na CCR5 kama Brown, lakini ARV zilipositishwa virusi vikarudi kwa kupitia CXCR4. Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Aina D ya VVU, inayopatikana zaidi Uganda na pia katika nchi jirani, ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kutumia CXCR4 kuliko aina nyingine, na utafiti uliofanyika Uganda ulionyesha kwamba huwafikisha watu kwenye UKIMWI haraka zaidi kuliko aina A. Ndiyo maana daktari hatoi maravirok kabla ya kupima virusi vya mgonjwa vinatumia kipokezi kipi. Tiba iliyojengwa juu ya CCR5 peke yake ingewaacha nje wagonjwa walewale walio katika hatari kubwa zaidi. CXCR4 nacho hakiwezi kuondolewa, kwa sababu uboho unakitegemea.

Udhaifu wa pili umetokea Geneva. Mgonjwa wa huko alipandikizwa mwaka 2018 uboho wa mtu mwenye CCR5 ya kawaida kabisa. Aliacha ARV mwishoni mwa 2021, na virusi havikurudi katika miezi na miaka iliyofuata. Mgonjwa mwingine wa Berlin, aliyetangazwa 2024, alipewa uboho wa mtoaji mwenye nakala moja tu ya delta 32. Wagonjwa hawa wawili wanatulazimisha kusoma upya kisa cha Brown. Inaelekea sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kinga mpya ya mtoaji, inayoziua seli za zamani za mgonjwa pamoja na virusi vilivyojificha ndani yake. Kukosekana kwa CCR5 husaidia kulinda seli mpya zinapoota. Magazeti mengi yaligeuza msaidizi kuwa mtendaji mkuu.

Tatu, upandikizaji wenyewe ni hatari. Uboho wa zamani huuawa kwa dawa kali au mionzi, na sehemu ya wagonjwa hufa kwa matibabu hayo au kwa seli za mtoaji kushambulia mwili mgeni. Hakuna daktari mwadilifu atakayempeleka huko mtu ambaye kidonge kimoja kwa siku kinamwezesha kuishi miaka mingi. Wote waliopona walikuwa na ugonjwa mwingine wa damu uliolazimisha hatua hiyo, na idadi yao duniani ni ndogo mno.

Gharama ya kukosa CCR5

Je, ni kweli kwamba kipokezi hiki hakihitajiki? Hapa Afrika Mashariki ina nafasi yake kwa njia nyingine. Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, kirusi kipya kilipatikana katika damu ya mwanamke aliyekuwa na homa. Kirusi hicho huenezwa na mbu na kinaitwa hadi leo kwa jina la wilaya hiyo. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa. Wachache hushambuliwa ubongo. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba miongoni mwa waliougua vibaya kwa kirusi cha West Nile, wasio na CCR5 walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa panya sababu ilionekana wazi: CCR5 ndicho kinachoziongoza seli za kinga kuingia kwenye ubongo ulioambukizwa. Bila hicho, msaada hufika kwa uchache na kwa kuchelewa.

Kwa hiyo kipokezi ambacho kinaonekana hakina kazi kaskazini mwa Ulaya, ambako kirusi hiki hakijawahi kuwa tishio kubwa, kinaweza kuwa na thamani kubwa mahali penye mbu na virusi vya ubongo. Mtu haruhusiwi kuchukua afya ya watu wa Stockholm kama ushahidi wa usalama wa mtoto wa Arua, huko West Nile.

Lakini upande wa pili nao uache kutia chumvi. Mwaka 2019 ilichapishwa makala iliyodai kwamba wenye nakala mbili za delta 32 wana uwezekano wa asilimia 21 zaidi wa kufa mapema. Ilisambaa duniani kwa siku chache. Miezi michache baadaye waandishi wake wenyewe waliiondoa, kwa sababu njia ya kuhesabu wenye kasoro hiyo ilikuwa na hitilafu. Bado wapo wanaoinukuu. Kwa haki, tunachoweza kusema ni kwamba kukosa CCR5 si hukumu ya kifo wala si zawadi isiyo na malipo: hasara yake inategemea ni vijidudu gani vinakuzunguka.

Hoja ya wanaosema kemokini haziwezi kuzibwa

Kuna kundi jingine la wanasayansi lenye mashaka makubwa zaidi. Hawa wanatazama nje ya VVU, kwenye magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe: baridi yabisi, ugonjwa wa Crohn wa utumbo, na mengineyo. Katika magonjwa hayo viungo vimejaa kemokini, hivyo makampuni ya dawa yalitumia miongo miwili kutengeneza dawa za kuziba vipokezi vyake. Nyingi zilishindwa zilipojaribiwa kwa wagonjwa. Versirnoni, iliyoziba CCR9 kwa wagonjwa wa Crohn, haikufua dafu katika majaribio ya awamu ya tatu mwaka 2013.

Maelezo ya kundi hili ni kwamba mfumo umejaa mbadala. Kemokini moja hushika vipokezi kadhaa, kipokezi kimoja hupokea kemokini kadhaa, na ukiziba njia moja seli hupita nyingine. Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini watu wasio na CCR5 wanaishi salama siku nyingi za maisha yao.

Haielezi kila kitu. Kama kila kipokezi kingekuwa na mbadala, kasoro katika CXCR4 zisingeleta ugonjwa, lakini zinaleta. Ugonjwa wa kurithi uitwao WHIM hutokana na CXCR4 kufanya kazi kupita kiasi: neutrofili hung'ang'ania ndani ya uboho, na mgonjwa hubaki na maambukizi ya mara kwa mara na chunjua nyingi mwilini. Tena vimelea vyenyewe vinatoa ushahidi. Mate ya kupe yana protini zinazonasa kemokini ili ngozi isiite chembe nyeupe wakati kupe ananyonya. Kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi, ambayo imeathiri sana Uganda na majirani zake, kimebeba katika jeni zake kipokezi kinachofanana na vya kemokini, na kinakitumia kukuza uvimbe. Vimelea havigharimii silaha dhidi ya kitu kisicho na maana.

Ndiyo maana wapo wataalamu wanaosema kosa lilikuwa la matumizi. Kipokezi kilichochaguliwa hakikuwa kinachoendesha ugonjwa kwa binadamu ingawa kwa panya kilikuwa hivyo, au dozi haikutosha kukiziba saa zote 24. Nionavyo, hawa wako karibu zaidi na ukweli, kwa sababu dawa zilizofaulu zinafuata kanuni yao. Pleriksafo, iliyoidhinishwa 2008, huziba CXCR4 kwa saa chache tu, seli mama zikamwagika kutoka kwenye uboho na kuvunwa kwenye damu kwa ajili ya upandikizaji. Mogamulizumabu hushika CCR4 juu ya seli za aina fulani za saratani ya limfu na kuzielekeza kuuawa. Zote mbili zina shabaha moja inayojulikana na muda wenye mpaka, na hakuna hata moja inayomwondolea mtu kipokezi maisha yake yote.

Duffy: jaribio ambalo maumbile yameshalifanya Afrika

Wakati dunia inabishana kuhusu CCR5, sehemu kubwa ya Waafrika wamezaliwa na badiliko la kipokezi kingine, na wengi wao hawajawahi kuambiwa. Kipokezi hicho ni Duffy, kwa jina la kitaalamu ACKR1. Hukaa juu ya chembe nyekundu za damu na kwenye kuta za mishipa, na hunasa kemokini nyingi bila kuamsha seli. Vimelea vya malaria aina ya vivax hukitumia kuingilia chembe nyekundu. Katika Afrika Magharibi na ya Kati karibu watu wote, na Afrika Mashariki walio wengi, wana badiliko la herufi moja katika sehemu inayowasha jeni hii, hivyo chembe nyekundu zao hazina Duffy. Kwenye mishipa kipokezi kinabaki.

Faida ilikuwa kubwa: malaria ya vivax, iliyoenea Asia na Amerika Kusini, ni adimu katika sehemu kubwa ya bara hili. Kinga hiyo si kamili. Maambukizi ya vivax kwa watu wasio na Duffy yameripotiwa magharibi mwa Kenya, Madagaska na Ethiopia, ishara kwamba kimelea nacho kinatafuta njia.

Gharama yake ni ya aina isiyotarajiwa. Wasio na Duffy kwenye chembe nyekundu huwa na neutrofili chache zaidi katika damu inayozunguka. Uboho wao ni mzima na hawaugui zaidi ya wengine. Lakini viwango vinavyotumika katika maabara nyingi vilitokana na watu wa Ulaya na Marekani, ambako chini ya neutrofili 1,500 kwa mikrolita huhesabiwa kuwa upungufu. Matokeo yake mtu mzima wa afya anaweza kupelekwa kwenye vipimo vya uboho bila sababu, kupunguziwa dozi ya dawa ya saratani, kunyimwa klozapini inayomtuliza maradhi ya akili, au kukataliwa kushiriki utafiti wa chanjo. Marekani ilirekebisha mwongozo wa klozapini kwa watu wa aina hii mwaka 2015. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu watu wenye afya nchini Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia ulionyesha kwamba viwango vya kigeni haviwafai.

Kwangu mimi kisa cha Duffy ndicho kipimo bora cha wazo la He Jiankui. Hapa kipokezi kimezimwa katika aina moja tu ya seli, kikabaki kwingine, na uteuzi wa maumbile ulichukua maelfu ya miaka kupima faida na hasara. Hata hivyo athari zake kwenye damu zilieleweka mwaka 2009 tu, watafiti walipozihusisha neutrofili chache na jeni hii. Mtu mmoja katika maabara moja hawezi kudai kwamba amejua yote kuhusu CCR5 kabla ya kuiondoa katika kila seli ya mtoto, na ya wajukuu wa mtoto huyo.

Uzito wa kila upande

Kubadilisha jeni ya CCR5 katika kiinitete hakuna hoja ya kitabibu inayokubeba. Mtoto wa mzazi mwenye VVU anaweza kuzaliwa salama kwa ARV zilizopo sasa. Hasara haijulikani, inarithiwa, na pacha wale hawakupewa hata delta 32 yenyewe bali mabadiliko mengine ambayo hayajawahi kupimwa kwa binadamu.

Kubadilisha seli za mgonjwa mtu mzima ni jambo tofauti, na utafiti wake uendelee. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 12 nchini Marekani waliorudishiwa seli zao za CD4 zilizokatwa CCR5. Njia ilionekana kuvumilika. Mwaka 2019 timu ya China iliripoti mgonjwa mwenye VVU na saratani ya damu aliyepewa seli mama zilizohaririwa, lakini seli zenye badiliko zilikuwa asilimia 5 hadi 8 tu, kiasi kisichotosha kumponya VVU. Tatizo la CXCR4 bado lipo palepale, na kwa eneo lenye aina D ya virusi halipaswi kuwekwa mwisho wa orodha.

Wakati huohuo njia zisizogusa kipokezi chochote zimepiga hatua kubwa zaidi. Lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka inayolishambulia ganda la kirusi chenyewe, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba kati ya washiriki 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kirusi hakina haki ya kubaki mwilini, lakini CCR5 kina kazi. Kukiwa na uwezo wa kumpiga adui bila kubomoa nyumba, sioni kwa nini tuanze na nyumba.

Wizara za afya za nchi zetu zina mambo mawili ya kufanya ambayo hayangoji uhariri wa jeni: kuwekea maabara viwango vya neutrofili vilivyopimwa kwa watu wa hapa, na kugharimia vipimo vya kujua virusi vya wagonjwa wetu vinatumia CCR5 au CXCR4. Na wewe unayeishi na VVU, ukisikia tena kwamba kuna mtu amepona mahali fulani kwa uboho wa mtu asiye na CCR5, furahi kwa ajili yake, kisha umeze dawa yako kwa wakati. Anayetumia ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono.